Safari Sitini za Mdogo Wangu

Watu wanaokuja kwangu siku hizi kuuliza habari za mdogo wangu huja na daftari na maswali yaliyo tayari. Wanataka kujua alianzaje kuogelea, alishinda mara ngapi, alikuwa anakula nini asubuhi ya mashindano. Nawajibu vizuri, maana Mungu ameniachia kumbukumbu na ulimi mpaka umri huu, na ni wajibu wangu kuvitumia. Lakini wakishaondoka nabaki na jambo moja ambalo hawaniulizi. Yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia mezani huku anacheka. Mimi nimelisema mbele ya watu mara moja tu, na mara hiyo niliamriwa. Sasa amelala kaburini, na nimeona niliandike kabla sijaitwa na mimi.

Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, na kwetu huyo ni ndugu, hakuna neno lingine. Mimi nilizaliwa Élisabethville, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, ambako baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Yeye alizaliwa kule kaskazini kwenye maziwa ya mto Lualaba. Mama yake alipofariki aliletwa kwetu kwa treni, ana miaka kumi na sita na kikapu cha samaki wakavu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa karani mwanafunzi, nilitumikia misa kila asubuhi, na nilikuwa muogeleaji wa kwanza wa misheni.

Hilo la mwisho lazima nilieleze. Wazungu walikuwa na bwawa lao la kuogelea mjini, pisini yenye vigae vya buluu, ambayo sisi tuliiona kupitia uzio tu tukipita na baiskeli. Padri wetu aliona si haki. Akatukusanya vijana, tukachimba shimo nyuma ya shule kwa viangazi viwili, tukibeba udongo mwekundu kwa karai kichwani. Ilipokamilika ilikuwa pisini ya saruji tupu, urefu metri ishirini na tano. Maji yalikuwa kijani baada ya wiki mbili, na kila mara tuliyatoa na kusugua sakafu kwa mifagio. Padri alikuwa na kitabu cha picha kinachoonyesha jinsi ya kuogelea kroli: mkono unatoka wapi, unaingia wapi, uso unageukia upande gani kuvuta pumzi. Nilizishika picha zile kwa moyo kama nilivyoshika katekisimu. Kwa miaka miwili hakuna aliyenishinda katika masafa marefu. Watoto wa kambi walinifuata njiani wakipunga mikono hewani kama mimi. Namshukuru Mungu kwa miaka ile miwili, ingawa iliniharibu.

Siku ya kwanza mdogo wangu alipoingia majini, vijana walikaa ukingoni kumtazama. Aliogelea kichwa juu, shingo imekakamaa, miguu inapiga kelele.

"Tazama ule!" mmoja akapiga kelele. "Ni kama imbwa anakimbia mamba!"

Akafika ukutani, akajipangusa pua, akawajibu bila hasira: "Kwetu mamba iko. Huku munakimbiaka nini?"

Wakacheka mpaka wakaanguka. Na mimi nilicheka. Nilimpenda siku ile. Jioni nikamwambia nitamfundisha, na nikamfundisha kweli, mwezi baada ya mwezi: nilimshika tumbo akiwa juu ya maji, nikamgeuza uso kwa mkono wangu, kushoto, kulia, kushoto, mpaka pumzi yake ikajua njia. Wanaoandika habari zake husema alifundishwa na Padri. Si kweli. Alifundishwa na mimi, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Alinipita siku moja ya mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Tulikuwa tunaogelea pamoja, mazoezi tu, hakuna mtu aliyekuwa anatazama. Niliona kisigino chake mbele ya uso wangu mahali ambapo sikuzoea kuona kitu. Nikaongeza nguvu. Kisigino kikaenda. Nilipogusa ukuta wa mwisho alikuwa ameshakaa juu, miguu majini, ananingojea.

"Yaya, uko mugonjwa?" akaniuliza; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Aliuliza kwa moyo mweupe. Hakuweza kufikiri kwamba amenishinda. Alidhani nina homa. Nikamwambia ndiyo, nina homa. Nyumbani akamwambia mama, na mama akanichemshia majani, nikayanywa yote, machungu, nikiwa mzima kabisa.

Baada ya hapo niliona kila kitu. Niliona mama anavyompa kipande cha samaki chenye nyama ya mgongo. Niliposogeza mkono akasema: "Acha, achia mudogo yako, ye njo anaogelea." Kana kwamba mimi nilikuwa nauza chumvi. Niliona baba, ambaye hakuwahi kuniuliza lolote juu ya pisini, anamuuliza maji yalikuwaje leo. Wale watoto nao walibadilisha mwigo wao: sasa walipunga mikono taratibu na kwa urefu, kama yeye. Nilimwonea wivu mpaka usingizi wake, kwa sababu alilala mara tu alipogusa mkeka, na mimi nililala kando yake nikihesabu makosa yake na sikupata hata matatu.

Nilisali. Sitaki mtu afikiri sikusali. Kila asubuhi nilimwomba Mungu aniondolee wivu, kisha nikatoka kanisani nikiwa nao, kama mtu aliyesahau kofia akairudia.

Nilipoacha kushindana, Padri alinipa kazi ya kuhesabu. Katika masafa marefu kazi hiyo si ndogo. Metri elfu moja na mia tano katika pisini yetu ni kwenda na kurudi mara nyingi: safari sitini, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Anayeogelea anachoka, kichwa kinajaa maji na mawazo, hawezi kutegemea hesabu yake peke yake. Kwa hiyo kila muogeleaji ana mhesabu wake anayekaa ukutani alikoanzia. Zikibaki safari mbili, mhesabu anapiga kengele juu ya kichwa chake, naye anajua kwamba sasa atoe nguvu zote, na akirudi amemaliza.

Wahesabu wengine walitia mistari kwenye karatasi, karatasi ikalowa, mistari ikafutika. Mimi niligundua njia nyingine. Siku moja nikiwa na rozari mkononi nilihesabu: msalaba ni Nasadiki, moja. Baba Yetu zake ni sita. Salamu Maria ni hamsini na tatu. Jumla ni sitini kamili. Nilikimbia kumwambia Padri kama mtu aliyeokota almasi. Akazihesabu mwenyewe, mara mbili, akacheka, akanipiga begani. Tangu siku ile nilihesabu kwa rozari, punje mbili kila mdogo wangu alipogusa ukuta wangu, na yeye nikamfundisha kusali ndani ya maji, sala moja kwa kila safari, ili naye ajue alipo. Alianza na Nasadiki chini ya mlio wa filimbi, na alipomaliza Salamu ya mwisho, alikuwa amefika. Padri aliwaambia mapadri wengine kwamba hakuna hesabu ya kuaminika kama yangu, kwa sababu ni hesabu na ni sala.

Basi ikaja habari kwamba Léopoldville wataogelea vijana weusi wa koloni nzima, na Katanga itapeleka mmoja wa masafa marefu. Vijana watatu wangetoka Jadotville kushindana na wetu, kwetu, Jumapili mchana. Wa kwanza angepanda treni, kisha meli, mpaka Léopoldville. Mzungu mmoja wa mtaa wa Bel-Air, mwenye saa ya kupimia mbio, angekuja kuwa mwamuzi, na Jumamosi inayofuata jina lingetumwa kwa barua.

Safari ile niliiota mimi kabla yake. Nilikuwa nimeshaipanga tangu sijapitwa: shati gani, sanduku la nani. Sasa mama aliliazima sanduku lile lile kwa jirani, akaliweka chini ya kitanda chake.

Jumapili ile watu walijaa mpaka juu ya kichuguu nyuma ya pisini. Nilikaa kwenye kigoda changu mwanzo wa njia ya mdogo wangu, kengele chini kando ya mguu, rozari mkononi. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya misa. Alinitazama kabla ya filimbi.

"Yaya, leo usilale," akasema.

"Weye usizame," nikamjibu.

Wakaruka.

Sitaeleza yote. Alikuwa anaogelea kama mtu anayetembea kwenda kwa rafiki. Kufika makumi ya pili ya rozari, fungu la pili la Salamu kumi, alikuwa amewaacha wawili mbali. Yule wa tatu wa Jadotville, kijana mrefu mwenye mabega, alijitahidi kubaki nyuma yake. Kila mdogo wangu alipogeuka kwenye ukuta wangu alinirushia maji miguuni, na nilipitisha punje mbili. Nilihesabu kwa uaminifu mpaka makumi ya nne. Nilikuwa nimezishika punje mbili za kufuata, tayari kuzipitisha, naye anakuja.

Ndipo mama akapiga kigelegele.

Nilimtambua bila kugeuka. Mama yangu hakuwahi kufika pisini. Miaka yangu yote miwili ya kushinda hakuja. Alisema kuna jua, kuna kazi, mahali pa wanaume. Leo alikuwa amekuja, na kitenge kipya, na kigelegele hicho. Mdogo wangu akagusa ukuta, akageuka, akalowesha viatu vyangu, akaenda. Na vidole vyangu vikakaa pale pale.

Wengine watasema nilisahau. Hata mimi, kwa miaka kadhaa, nilijaribu kujiambia hivyo. Sikusahau. Nilizitazama zile punje mbili na nikaamua kutozipitisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema Salamu Maria. Aliporudi tena nilipitisha mbili kama kawaida, na nikaendelea kwa usahihi mkubwa mpaka mwisho, kana kwamba usahihi wa baadaye ungefunika ule uongo wa kati.

Alipofika mwisho wa safari yake ya sitini alinyoosha mkono kugusa ukuta kama mtu aliyemaliza, ingawa kengele hakuwa ameisikia. Nikapiga kengele juu ya kichwa chake. Niliona uso wake unatoka majini nusu, mdomo wazi, macho yananiuliza. Kisha akatii. Akageuka, akaenda safari nyingine mbili, kwa nguvu zote, maskini, na alipokuwa bado katikati ya kurudi, yule wa Jadotville akagusa ukuta wake, kengele yake ikiwa imeshapigwa kwa haki, na mzungu wa Bel-Air akabonyeza saa.

Watu wakapiga kelele. "Wetu alimaliza zamani!" "Hapana, alikuwa anaendelea!" "Nani amehesabu?" Padri akaja kwangu mbio, kanzu yake imelowa.

"Umehesabu vizuri?"

"Ndiyo, Padri."

Akaitazama rozari mkononi mwangu. Akageuka kwa mwamuzi, akasema: "Kijana huyu hakosei." Na ikaandikwa hivyo.

Mdogo wangu alikaa ukingoni, taulo kichwani. Kisha akasema polepole: "Mi nilimaliza rozari, yaya. Nilifika ku Salamu ya mwisho, na weye njo unapiga kengele. Basi nimeruka. Pengine nilisema mbili mu safari moya."

"Pengine," nikasema.

Jumatatu Padri aliniita sakristia. Alikuwa na wasiwasi. Alisema macho yake yalimwambia kijana wetu alikuwa mbele mno, na kwamba anafikiri kumwandikia mwamuzi aombe irudiwe, kwa vile huenda kuna kosa. Akaniuliza tena. Nikajibu tena. Alisema atafikiri mpaka Jumatano.

Hapo nikafanya jambo ambalo naona aibu kuliandika kuliko lile la kwanza. Jumanne nilikwenda kuungama. Palikuwa na mapadri watatu misheni, na foleni tatu. Nilisimama kwenye foleni yake. Nilijiambia nakwenda kutubu, na kweli nilikuwa na uzito moyoni; lakini nilijua pia, kama mtumishi wa misa ajuavyo mambo haya, kwamba padri akisikia jambo katika kitubio hawezi kulitumia nje, hawezi hata kulionyesha usoni. Nilimweleza kila kitu kupitia wavu.

"Unajua umenifanya nini?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya chini sana.

"Ndiyo, Padri."

"Ungeniambia nje, ningekuwa na la kufanya. Hapa umenifunga mikono na mdomo." Nikasikia anapumua. "Ondoleo sitakupa leo. Rudisha kwanza ulichochukua. Ukirudisha, njoo."

Jumatano hakuandika barua yoyote. Alinipita uani akaniamkia kama kila siku, akaniuliza habari za baba. Nilikuwa nimemshinda padri mtakatifu kwa sheria yake mwenyewe. Nilidhani ningepata raha. Sikuweza kupokea komunyo, na mama akaona.

"Na weye sasa uko na nini?" akaniuliza. "Mumoja amepoteza Léo, mungine amepoteza Yezu?"

Alhamisi saa kumi jioni nilirudi kutoka kazini nikamkuta mdogo wangu kizingitini. Alikuwa na rozari ya mama. Siku nne hakuwa amekwenda pisini. Alikuwa amekwisha kumuuliza baba kama kuna nafasi ya kazi kwenye karakana ya mabehewa.

"Yaya, ikala hapa," akasema. "Unifundishe tena kuhesabu."

"Kwa nini?"

"Kichwa yangu iko napotea. Muntu hawezi kuogelea kama kichwa inapotea. Unifundishe kama pale mbele."

Nikakaa. Namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu dakika zile za kwanza nilifurahi. Nilikuwa tena juu yake. Nilimshika kidole na kukipeleka kwenye msalaba, nikamwambia "hii ni moja", kama mtoto wa ekaristi ya kwanza, naye akarudia: "Hii ni moya." Tukaenda punje kwa punje. Akafika sitini. Tukarudia. Akafika sitini. Mara ya tatu alifumba macho, akapiga mikono hewani taratibu kana kwamba yuko majini, akisali kwa midomo, mimi nikishika punje. Tulimaliza pamoja, yeye Salamu yake, mimi punje yangu, sawasawa.

Akafumbua macho. "Vile," akasema. "Njo vile nilifanya Jumapili. Sasa nilikosa wapi?"

Hakunishuku. Ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Alikuwa anazitazama punje zile mapajani mwangu kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na alikuwa tayari kuamini kwamba kichwa chake kimeharibika kuliko kuamini kwamba mimi nimemdanganya. Hata hapo niliona wivu. Niliwaza: mimi singeweza kumwamini mtu hivyo. Hata hili analo, mimi sina.

Niliinuka nikaenda misheni kwa miguu, nikamkuta Padri kwenye bustani yake ya kabichi. Nikamwambia: "Padri, nataka kukuambia kitu hapa nje."

Akaweka chini ndoo ya maji. Alisikiliza yote upya, kama mtu asiyejua, na mwisho akaniuliza maswali mawili ambayo alikuwa ameshajua majibu yake. Kisha akasema: "Kesho, pisini, mbele ya wote. Uliwadanganya wote."

Ijumaa vijana walikusanyika ukingoni. Nilisimama pale nilipokuwa nimekaa Jumapili, nikasema: aliogelea safari sitini na mbili. Nilizuia punje mbili. Nilifanya kwa makusudi, kwa wivu.

Kisha mmoja akasema: "Eh! Na ile rozari yake!" Na mwingine: "Muhesabu wa Shetani huyu! Bamutupe mu mayi na viatu vyake!" Wakaanza kusogea. Mimi sikusogea. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu ngumu. Halafu uso ukafunguka.

"Kumbe kichwa yangu iko bien!" akapiga kelele. Akajipiga kichwani kwa kiganja, akamgeukia Padri. "Mon Père, sikupotea! Nilihesabu bien, kabisa bien!"

Akacheka, akarukaruka pale ukingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa hata nimejiandaa kupigwa. Kwa furaha ile sikuwa tayari. Siku zote zile alikuwa akihuzunikia akili yake, si Léopoldville, na nilipomrudishia akili yake hakuwa na haja ya kitu kingine kutoka kwangu. Alinisamehe kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Mimi mpaka leo kusamehe kwangu ni kazi ya mikono.

Baadaye, vijana walipotawanyika, alinijia. "Lakini yaya," akasema, "zile mbili za mwisho ziliniuma sana mu mikono. Utanibebea maji ya mama juma muzima."

Nilibeba. Mama alikuwa mgumu zaidi. Siku tatu hakunisemesha, na kwenye bukari, ugali wetu, alinipa mkia wa samaki, akauweka mbele yangu bila kunitazama.

Padri alikwenda Bel-Air Ijumaa ile ile na baiskeli yake. Mwamuzi alikasirika, akasema hawezi kumvua ushindi kijana aliyeogelea kwa haki. Lakini alikuwa mtu wa haki pia: alikubali kuzuia barua juma moja. Mdogo wangu angeogelea peke yake, akipimwa kwa saa ile ile, na akipata muda mzuri kuliko wa mshindi, ataenda. Asipopata, basi.

Siku ilipofika Padri alikuwa amemweka mhesabu mwingine na karatasi. Mdogo wangu alifika ukingoni, akamtazama, akaketi chini.

"Kama si yaya, mi siingie," akasema.

"Usiseme upuuzi," Padri akamwambia. "Unajua alichokufanyia."

"Ye njo tunamujua sasa, Mon Père. Huyu wa karatasi, hatuyajua bado atafanya nini."

Vijana wakacheka, hata mwamuzi, alipotafsiriwa maneno yale, akatabasamu. Padri alinitazama kwa muda. Akaamua tuhesabu wawili, mimi na yule wa karatasi, bega kwa bega. Nilikubali. Nilistahili kuchungwa.

Nataka niseme ukweli juu ya siku ile, kwa sababu watu wa dini tunapenda kusema kwamba mtu akitubu moyo unasafishwa mara moja. Wangu haukusafishwa. Alipogeuka mara ya kwanza na kunirushia maji nilihisi wivu ule ule umerudi. Alikuwa peke yake katika pisini nzima, bila mtu wa kumvuta, na aliogelea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, mkono mrefu, pumzi fupi, hakuna tone la bure. Mama alikuwepo tena na kitenge chake. Niliona wivu kuanzia Nasadiki mpaka makumi ya tano, na punje nilizipitisha, mbili, mbili, mbili. Kufika mahali pale katika makumi ya nne yule wa karatasi alinitupia jicho. Nikapitisha mbili. Ilipobaki Salamu mbili nikapiga kengele kwa nguvu mpaka mpini ukanichubua, na wakati ule ule kalamu ya mwenzangu ikafikia mstari wake.

Aligusa. Mwamuzi akatazama saa, akaitazama tena, akamwonyesha Padri. Nilijua kwa jinsi Padri alivyovua miwani.

Juma lililofuata nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Nilikuwa nimepata ondoleo langu Jumamosi, na komunyo Jumapili, na bado sanduku lile lilikuwa zito mkononi. Alikwenda Léopoldville akashinda, na mengine yameandikwa na wanaojua kuandika habari za michezo: miaka yake saba ya kutoshindwa, safari zake, medali ambazo mama alizitundika karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Kila alipoogelea kwetu, nilihesabu mimi. Hakutaka mwingine.

Mwaka wa nane alipitwa. Ilikuwa pisini yetu ile ile. Kijana mmoja wa kambi, mwembamba, alimwacha katika safari za mwisho. Nilipiga kengele yake kwa wakati wake, na alifika wa pili. Nilikaa kwenye kigoda nikauchungulia moyo wangu, maana nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu na niliogopa nitakachokikuta.

Alipanda ukingoni akitweta, akakaa karibu nami, akanitazama usoni.

"Yaya," akasema, "leo umefurahi kiloko, eh?"

Ningeweza kumdanganya.

"Ndiyo, kidogo. Kiloko," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa maji. Akanilalia begani na mwili wake wote uliolowa, shati langu la misa likaloa, akasema: "Miaka munane, na ni kiloko tu? Basi umepona, yaya."

Sikuwa nimepona. Lakini yule kijana mwembamba alikuwa bado amesimama majini, hajui la kufanya na ushindi wake, na mdogo wangu akaniambia niende nimpe mkono kwanza, yeye atafuata akishapata pumzi. Nikaenda.